Kuboresha mashine ya santuri: pesa ianzie kwenye sindano

Benga huweka utamu wake mwishoni. Mwimbaji anamaliza maneno yake, ngoma inapanda kasi, besi inaanza kujibizana na gitaa la solo, na magitaa yanaachiwa uwanja. Katika santuri ndogo za 45, zinazozunguka mara 45 kwa dakika, zilizotapakaa kote Nyanza na Bonde la Ufa miaka ya 1970, sehemu hiyo huangukia karibu na lebo, na wimbo ukiwa mrefu inajaza upande wa pili mzima. Hapo ndipo mashine nyingi zinaposhindwa. Gitaa linaanza kukwaruza, herufi "s" inachafuka, na besi iliyokuwa imekaa vizuri mwanzoni inajaa ukungu.

Mwenye mashine akiuliza afanye nini, atapewa majibu mengi kwa wakati mmoja. Nunua katriji ya koili. Badilisha nyaya. Tafuta amplifaya ya valvu. Uza hiyo mashine ya mota ya moja kwa moja ununue ya mkanda. Weka sarafu juu ya kichwa cha mkono. Majibu haya yanachanganya kwa sababu yanataja vipuri bila kueleza kazi ya kila kimoja, na kwa sababu mtu anayeuza kipuri ndiye mara nyingi anayetoa ushauri.

Msimamo ninaoutetea hapa ni huu: sauti ambayo sindano imeshindwa kuichukua kwenye santuri haiwezi kurudishwa na kifaa chochote kinachofuata, hata kiwe cha bei gani. Kwa hiyo matengenezo yanaanzia pale almasi inapogusa santuri, na kulinganisha vipuri vinavyoelewana kuna faida kubwa kuliko kununua kile cha ghali.

Majina kwanza

Santuri ina mfereji mmoja tu kila upande, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Kuta za mfereji huo zimechongwa mawimbi. Kwenye santuri za stirio, zilizoanza kuuzwa miaka ya mwisho ya 1950, ukuta wa upande wa lebo hubeba sauti ya spika ya kushoto na ukuta wa nje hubeba ya kulia.

Sindano ni kichembe cha almasi kilichobandikwa kwenye ncha ya kijiti chembamba, kwa kawaida cha alumini. Kijiti hicho kinaingia ndani ya katriji. Mwisho wake mwingine ukiwa na sumaku inayotikisika karibu na koili zilizotulia, hiyo tunaiita katriji ya sumaku. Koili ndizo zikitikisika mbele ya sumaku iliyotulia, ni katriji ya koili. Katriji inafungwa kwenye kichwa, kichwa kiko mbele ya mkono, na nyuma ya mkono kuna jiwe la kusawazisha uzito. Santuri inakaa juu ya sinia, na sinia linazungushwa na mota, ama moja kwa moja ama kupitia mkanda wa mpira.

Kifaa kimoja husahaulika, nacho ni fono. Katriji ya sumaku hutoa takriban milivolti 3 hadi 6, na ya koili hutoa 0.2 hadi 0.5 tu. Amplifaya ya kawaida inahitaji mamia ya milivolti. Fono ndiyo inayokuza umeme huo mdogo, na ina kazi ya pili tutakayoifikia. Inaweza kuwa ndani ya amplifaya, ndani ya mashine yenyewe, au kwenye kisanduku chake.

Umeme wa Kenya na mashine za ng'ambo

Mashine nyingi nzuri tulizo nazo zimeletwa na ndugu kutoka Marekani au zimenunuliwa kama mitumba ya Japani. Marekani hutumia volti 120 na mzunguko wa Hz 60, yaani umeme hugeuka huku na huku mara 60 kwa sekunde. Japani hutumia volti 100, mashariki yake ikiwa na Hz 50 na magharibi Hz 60. Sisi tuna volti 240 na Hz 50. Ukichomeka mashine ya volti 100 moja kwa moja ukutani, transfoma au mota yake itaungua.

Watu wengi wanajua hilo na hununua transfoma ya kushusha volti. Wasichoambiwa ni kwamba transfoma hushusha volti lakini haibadilishi mzunguko. Mashine ya mkanda yenye mota inayofuata mzunguko wa umeme wa ukutani, iliyotengenezewa Hz 60, itazunguka hapa kwa asilimia 83 ya kasi yake. Santuri ya 33⅓ inazunguka chini ya mara 28 kwa dakika, na gitaa lililopigwa kwa G linasikika kama limepigwa kwa E. Wengine husikiliza hivyo kwa miaka wakidhani mkanda ndio umechoka, wakabadilisha mkanda, na wimbo ukabaki vilevile.

Kupima hakuhitaji kifaa. Bandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa sinia, weka santuri, teremsha sindano, kisha hesabu mizunguko 100 kwa saa ya simu. Kwenye 33⅓ inapaswa kuchukua sekunde 180 kamili. Ukipata karibu 216, shida ni mzunguko wa umeme.

Dawa ni puli kubwa zaidi kwenye mota, yaani kile kigurudumu kinachovuta mkanda. Fundi wa mashine ya kuchonga vyuma katika jua kali ya Kisumu au Nakuru anaweza kuichonga kwa shaba au alumini, lakini mpe hesabu iliyo sahihi. Kipenyo kinachofanya kazi ni cha puli pamoja na unene wa mkanda. Kama puli ya zamani ina milimita 10 na mkanda una unene wa milimita 0.6, zidisha 10.6 kwa 1.2, upate 12.72, kisha toa 0.6. Puli mpya iwe milimita 12.12. Ukizidisha 10 peke yake na kuchonga 12, mashine itabaki polepole kwa karibu asilimia 1, na sikio la mpiga gitaa litalisikia hilo.

Mashine za mota ya moja kwa moja zenye kidhibiti cha kwatzi, kama Technics SL-1200MK2 iliyotoka mwaka 1979, hazina shida ya mzunguko. Zinahitaji volti sahihi tu. Hii ni sababu moja ya kutomsikiliza anayesema kila mashine ya mkanda inaishinda kila mashine ya moja kwa moja. Mota ya moja kwa moja iliyotengenezwa vizuri inashika kasi bila kuyumba, na hapa kwetu, ambako umeme wenyewe huyumba jioni, hilo si jambo dogo. Aina yoyote uliyo nayo, iweke nyuma ya kidhibiti cha volti, kile kile tunachofungia friji na televisheni.

Sindano

Sababu ya sauti kuharibika karibu na lebo ni jiometri. Santuri inazunguka kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho, lakini mzingo wa ndani ni mfupi kuliko wa nje. Kwenye santuri kubwa ya 33⅓, mfereji hupita chini ya sindano kwa takriban milimita 510 kwa sekunde ukingoni, na karibu 210 tu mwishoni. Kwenye ile ndogo ya 45 inaanza na karibu 395 na kuishia kama 254. Mawimbi yaliyokuwa na nafasi ukingoni yanabanwa yanapokaribia lebo. Wimbi la Hz 10,000, ambamo mna mlio wa matoazi na makali ya nyuzi, lina urefu wa mikroni kama 25 tu mwishoni mwa santuri ya 45, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita.

Sasa angalia umbo la almasi. Sindano ya bei nafuu ni ya duara, na nusu kipenyo cha ncha yake ni kama mikroni 15. Umbo hilo haliwezi kuingia vizuri kwenye wimbi la mikroni 25. Linaruka juu ya mabonde yake, na kuruka huko ndiko kukwaruza unakokusikia. Sindano ya yai ina ukingo wa mikroni 7 au 8. Sindano za mstari mwembamba, zile zinazoitwa mikrolaini, zina ukingo wa mikroni 3 hivi, huku mguso wake ukiwa mrefu kwenda juu na chini ya ukuta. Kati ya hizo mbili kuna Shibata, umbo lililobuniwa Japani na kampuni ya JVC miaka ya 1970 kwa ajili ya santuri za spika nne.

Habari njema ni kwamba huhitaji kununua katriji mpya kila unapopanda ngazi. Katriji nyingi za sumaku zina sindano inayochomoka kwa kidole. Mfululizo wa katriji za VM95 wa kampuni ya Audio-Technica una mwili mmoja unaokubali sindano za duara, za yai, mikrolaini na Shibata, na hata ya santuri za zamani za 78. Kwenye katriji za kampuni ya Ortofon, mwili wa 2M Red unakubali sindano ya 2M Blue. Mtu aliyenunua ile ya chini leo anaweza kuichomoa mwakani na kuweka bora, bila kugusa skrubu hata moja wala kupanga mkono upya.

Umri nao una hesabu yake. Audio-Technica wenyewe hutaja takriban saa 300 kwa sindano ya yai, 500 kwa ya duara, 800 kwa Shibata na 1,000 kwa mikrolaini. Upande mmoja wa santuri ya 45 ukichukua dakika nne, saa 300 ni kama pande 4,500. Ukigawa bei ya mikrolaini kwa saa zake, mara nyingi unakuta tofauti na ile ya yai ni ndogo kuliko ilivyoonekana dukani. Ndiyo maana naihesabu kuwa ununuzi bora kuliko wote katika mfumo mzima.

Ina kasoro moja ambayo lazima isemwe. Kwa kuwa inasoma kila kitu, inasoma pia uchafu na mikwaruzo. Santuri iliyochezwa kilabuni miaka mingi kwa sindano butu inaweza kusikika safi zaidi, kwa sababu mikrolaini hugusa sehemu ya ukuta ambayo sindano ya zamani haikufika. Inaweza pia kusikika vibaya zaidi, kama ukuta wote umelika. Huwezi kujua mpaka uicheze.

Santuri za 78 usizicheze kabisa kwa sindano ya kawaida. Mfereji wake ni mpana mara kadhaa, na sindano nyembamba inatambaa chini kwenye mchanga wa mfereji. Zinahitaji ncha ya duara yenye nusu kipenyo cha mikroni 75 hivi na mgandamizo mkubwa zaidi. Sindano ya 78 ya VM95, kwa mfano, huwekwa gramu 5.

Kupanga mkono

Sindano ya ghali iliyopangwa ovyo inashindwa na ya bei nafuu iliyopangwa vizuri. Unahitaji mizani ndogo ya kidijitali ya kusoma gramu 0.01, ile ile wanayotumia masonara, kibano, bisibisi ndogo, na karatasi ya kupangia iliyochapwa kwa ukubwa halisi. Kabla ya kuitumia karatasi hiyo, ipime kwa rula. Printa za saibakafe hupenda kupunguza ukurasa kwa asilimia chache, na karatasi iliyopungua itakupotosha.

Funga katriji kwa skrubu mbili bila kukaza sana, sindano ikiwa imefunikwa. Nyaya nne nyuma yake hufuata rangi: nyekundu ni chanya ya kulia, kijani hasi ya kulia, nyeupe chanya ya kushoto, bluu hasi ya kushoto. Shika kijibano cha chuma kilicho mwisho wa waya kwa kibano, usivute waya wenyewe, na usilehemu kwenye pini zikiwa kwenye katriji, kwani joto linakata koili ndani.

Kisha mgandamizo. Weka kizuia mvuto kwenye sifuri, zungusha jiwe la nyuma mpaka mkono uelee sambamba na sinia, sogeza pete ya namba isome sifuri bila kuzungusha jiwe, halafu zungusha vyote pamoja mpaka kipimo cha mtengenezaji. Kwa VM95 za santuri za kawaida ni gramu 2.0. Hakikisha kwa mizani, kwa sababu pete nyingi za zamani hudanganya. Ukimaliza, weka kizuia mvuto kwenye namba iyo hiyo. Kazi yake ni kupinga nguvu inayovuta mkono kuelekea lebo, inayotokana na kichwa kuwa kimekaa kwa pembe.

Hapa pana uvumi wawili unaoharibu santuri. Wa kwanza ni kwamba mgandamizo mwepesi hulinda santuri. Ukishuka chini ya kipimo, sindano hupoteza mguso kwenye mawimbi makubwa, inarushwa kutoka ukuta mmoja na kugonga mwingine, na kila kugonga kunachonga alama isiyofutika. Ukiwa na shaka, kaa kwenye upande mzito wa kipimo kilichoruhusiwa. Wa pili ni sarafu. Sarafu juu ya kichwa huongeza gramu kadhaa kwenye sindano iliyotengenezewa mbili. Haiponyi kuruka, inaficha tu kinachosababisha kuruka, na kinachosababisha huwa ni uchafu, mkono uliokwama, au mashine isiyolala sawa. Anza na pimamaji.

Baada ya hapo ni pembe ya katriji. Mkono unapozunguka kwenye mhimili wake, katriji inakuwa sawasawa kabisa na mfereji kwenye sehemu mbili tu za santuri. Mpangilio wa Baerwald huziweka milimita 66 na 120.9 kutoka katikati. Ule wa Stevenson huziweka 60.3 na 117.4, yaani unailinda sehemu ya karibu na lebo zaidi. Vitabu vingi huandikwa kwa wenye santuri kubwa na kupendekeza Baerwald. Lakini muziki wa santuri ya 45 unakaa kati ya milimita 84 na 54 hivi, na kama rafu yako imejaa benga na rumba za 45, Stevenson inakufaa zaidi. Technics wana njia yao rahisi: kutoka ncha ya sindano hadi kwenye mpira ulio nyuma ya kichwa iwe milimita 52.

Mwisho, angalia kwa mbele, kioo kidogo kikiwa juu ya sinia. Katriji na taswira yake viwe mstari mmoja ulionyooka. Angalia kwa ubavu, mkono uwe sambamba na santuri sindano ikiwa imeshuka. Kubadilisha mkeka wa sinia kwa tofauti ya milimita 4 hugeuza pembe hiyo kwa digrii moja tu, kwa hiyo usikose usingizi kwa nusu milimita.

Katriji na mkono lazima vielewane

Kuna watu hununua katriji ya ghali, wakaifunga, na sauti ikawa mbaya kuliko ya mwanzo. Katriji haina kosa. Kijiti cha sindano ni springi, na mkono pamoja na katriji ni mzigo unaokaa juu ya springi hiyo. Ukifunga springi za lori kwenye Probox, itakurusha kwenye kila tuta, na ukifunga za Probox kwenye lori, litakaa chini. Ndivyo ilivyo hapa. Springi laini inataka mkono mwepesi, springi ngumu inataka mkono mzito.

Hesabu yake ni rahisi. Jumlisha uzito tendaji wa mkono (uzito ambao sindano huuhisi mkono unapotikisika), uzito wa katriji na wa skrubu, kwa gramu. Zidisha kwa namba ya ulaini wa kijiti iliyo kwenye karatasi ya katriji. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawa 159 kwa kipeuo hicho. Jibu ni Hz ambazo mkono utatikisika wenyewe, nalo liwe kati ya 8 na 12. Likishuka chini sana, mkono unayumba kwenye kila santuri iliyopinda. Likipanda sana, linaingilia besi.

Chukua mkono wa SL-1200 wenye gramu 12, Ortofon 2M Red ya gramu 7.2, na skrubu za 0.8. Jumla ni 20. Ulaini wa 2M Red ni 20. Zidisha upate 400, kipeuo chake ni 20, na 159 kugawa 20 ni karibu 8. Inapita, ingawa ukingoni. Ukiongeza sarafu kwenye kichwa hicho, umeshatoka nje.

Denon DL-103, katriji ya koili iliyobuniwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya utangazaji, inataka mgandamizo wa gramu 2.5 na kijiti chake ni kigumu. Kwenye mkono mzito ni kitu kizuri sana. Kwenye mkono mwepesi wa kisasa inakosa kutulia. Na hutoa milivolti 0.3 tu, kwa hiyo fono ya kawaida haitoshi. Anayesema katriji ya koili daima ni bora kuliko ya sumaku hajazihesabu gharama hizi. Sindano yake pia haichomoki: ikichakaa, unatuma katriji nzima kwa fundi wa ng'ambo au unanunua nyingine. Kwa mtu wa Kisumu au Nakuru, ambaye kila kifurushi hupitia forodha, katriji ya sumaku yenye sindano nzuri ni uamuzi wa busara zaidi, na ningesema hivyo hata kama pesa ipo.

Fono

Kazi ya pili ya fono ni kunyoosha sauti. Besi ikichongwa kwa ukubwa wake halisi, mfereji ungekuwa mpana mno na santuri ingeisha baada ya dakika chache. Kwa hiyo wakati wa kuchonga, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kufuata kipimo kilichokubaliwa Marekani mwaka 1954 kiitwacho RIAA. Kwenye Hz 20 besi hupunguzwa kwa karibu desibeli 20, na kwenye Hz 20,000 sauti huongezwa kwa kiasi kama hicho. Fono hufanya kinyume chake.

Ukijua hilo, makosa mawili ya kila siku yanajieleza. Mashine ikichomekwa kwenye tundu la kawaida la amplifaya bila fono, sauti inatoka hafifu, kali, isiyo na besi. Mashine yenye fono ndani ikichomekwa kwenye tundu la fono, sauti inapita fono mbili, inajaa besi na kupasuka. Tazama nyuma ya mashine kama kuna kiswichi cha PHONO na LINE. Kabla ya kumlaumu mtu aliyekuuzia, kisogeze.

Katriji ya sumaku inahitaji fono ya kukuza mara 100 hivi, yaani desibeli 40. Ya koili inahitaji kama mara 1,000, desibeli 60, na kila kelele iliyo karibu hukuzwa mara hizo hizo. Mngurumo usiokwisha kwa kawaida hutokana na waya mwembamba wa ardhi kati ya mashine na fono kutofungwa, au na soketi ya ukutani yenye tundu la tatu lisilo na waya wowote nyuma yake. Nyumba nyingi za kupanga ziko hivyo. Fundi wa umeme atalipima kwa dakika chache, nalo ni suala la usalama wako kabla ya kuwa la muziki. Transfoma ya kushusha volti nayo isikae karibu na katriji. Isogeze hatua mbili usikie tofauti.

Mahali, vumbi na joto

Usiweke mashine na spika juu ya meza moja. Mtikiso wa spika unapanda kupitia mbao, unaingia kwenye sindano, unakuzwa, unarudi kwenye spika, na besi inageuka ngurumo. Rafu iliyofungwa ukutani ndiyo dawa bora. Ikishindikana, kipande cha graniti kilichobaki kwa mafundi wa kaunta za jikoni, kikilazwa juu ya nusu nne za mipira ya tenisi, kinafanya kazi ambayo vifaa vya duka huuzwa ghali kuifanya.

Kisumu shida ni joto na unyevu, ambao huleta ukungu kwenye majalada na hatimaye kwenye mifereji. Nakuru shida ni vumbi, hasa Januari na Februari hewa ikiwa kavu na santuri zikiwa na umeme tuli unaolivuta. Pande zote mbili, santuri zisimame wima, zisilale, na zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani hata nusu saa.

Kwa kuosha, changanya mililita 800 za maji yaliyotoneshwa na 200 za spiriti ya isopropili, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, usikate mifereji, kisha suuza kwa maji yaliyotoneshwa pekee na uiache ikauke wima. Maji haya huuzwa penye betri za magari, lakini soma chupa vizuri, maana chupa ya asidi hukaa pembeni yake. Na santuri za 78 zisiguswe na spiriti hata kidogo. Nyingi zimetengenezwa kwa sandarusi ya wadudu ambayo spiriti huiyeyusha, na uso wake hautarudi tena.

Spika na nyaya

Kama sindano ni safi, mkono umepangwa na fono inafaa, lakini spika zako ni za inchi nne, besi ya benga hutaipata, na hakuna katriji itakayokupa. Hapo pesa inayofuata iende kwenye spika, kabla ya kufikiria fono ya pili au mkono mpya. Kabla ya kununua, zitoe kwenye kona na uzisogeze sentimita 50 kutoka ukutani usikie.

Kila badiliko lifanywe peke yake, ukisikiliza santuri ileile kwa sauti yenye ukubwa uleule. Katriji inayotoa milivolti 5.5 itaonekana bora kuliko ya 3.5 kwa sababu tu inasikika kwa nguvu zaidi, kwa hiyo punguza sauti kwanza ndipo uamue.

Nyaya ziko mwisho wa orodha. Waya wa spika wa shaba wa milimita mraba 2.5, unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya umeme, unatosha chumba chochote cha kawaida. Waya kati ya mashine na fono una jambo moja la kupima. Huo hubeba kapasitansi, yaani uwezo wa kushikilia chaji ya umeme, mara nyingi karibu pikofaradi 100 kwa kila mita, na VM95 inataka jumla ya 100 hadi 200 ikiwa pamoja na ya fono na ya waya zilizo ndani ya mkono. Ikizidi, sauti za juu zinakuwa kali kisha zinakatika ghafla. Nunua waya mfupi usiozidi mita 1.2, wenye kinga ya shaba iliyosukwa, na bei ikipita nusu ya bei ya sindano, urudishe.